Nilipima chuma cha Toihiri mara mbili, akashindwa kukinyanyua

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Wiki nzima nasoma nyuzi za mindset humu ndani. Jiambie unaweza. Jiambie wewe ni bingwa. Ongea na nafsi yako kila asubuhi mbele ya kioo. Nimevumilia, leo nimeshindwa.

Nitawasimulia nilichokiona kwa macho yangu na sitatia chumvi. Mimi ni mfanyabiashara, chumvi nauza, sigawi bure.

Kilichonichokoza ni mjukuu wangu. Ana gym yake hapa Dar, ukuta mzima maandishi ya kutia moyo. Juzi nikamsindikiza. Kabla ya kushika chuma akajipiga kifua, akajiambia kwa Kiingereza kwamba yeye ni mashine.

Mashine ikashindwa na kilo sitini. Ikaniomba tupite kununua chipsi.

Njiani nikamkumbuka Toihiri.

Kwanza mnijue kidogo, msije mkasema huyu mzee anatunga. Mimi ni Mngazija niliyezaliwa Majunga, kule Bukini, yaani Madagaska. Yalipotokea mauaji ya Wangazija pale Majunga tukarudishwa Ngazija, nikiwa kijana ambaye kwao hajawahi kupaona. Kiswahili nilikichukua kwa wazee wa biashara pale Moroni waliokuwa wakienda na kurudi Unguja, na baadaye maisha yakanileta Kariakoo. Kwa hiyo maneno ya watu humu chini yalisemwa kwa Kingazija au Kinzwani, mimi nawawekea kwa Kiswahili.

Zama zenyewe ni zile za mamluki. Wazungu wa kukodiwa walishuka ufukweni mwaka sabini na nane, wakapindua serikali, halafu wakaona hali ya hewa nzuri, wakabaki. Walinzi wa rais walikuwa chini yao. Nguo nyeusi, magari mapya. Ukiwaona barabara ya Itsandra unapunguza sauti hata kama ulikuwa unaongelea bei ya nyanya.

Sisi tulikuwa na chuma chetu.

Nyuma ya nyumba moja mbovu karibu na bandari ya zamani ya Moroni tulikuwa na ekseli ya lori. Nilimtoa nayo jasho mwenye gereji asubuhi nzima, mpaka akanipa ili niondoke. Huku na huku tukatia makopo makubwa ya maziwa ya unga yaliyojazwa saruji. Hiyo ndiyo gym. Kioo hakuna, maandishi hakuna. Kulikuwa na kuku wa jirani.

Ekseli na makopo yale tukakadiria ni kilo themanini. Nani alikadiria? Hakuna. Mtu alisema themanini, ikawa themanini.

Toihiri alikuwa kuli bandarini. Moroni meli kubwa hazifiki ukutani, zinatia nanga mbali, mizigo inaletwa kwa matishari, na kuanzia hapo ni mgongo wa mtu. Kijana mpole, mrefu, mabega kama mlango. Kila jioni kabla ya magharibi alikuwa anakichukua kile chuma chini, anakiweka mabegani, anakipeleka juu, mikono imenyooka, anakishusha taratibu kama anayelaza mtoto.

Na kila jioni, kabla ya kukigusa, alikuwa anasema: "Mimi dhaifu, sina kitu."

Kwa sauti, kila mtu asikie.

Nyie watu wa self-talk mtasema hapo ndipo kosa lilipo. Tulieni. Kule kwetu mtu hasifii nguvu zake hadharani. Bibi yake Toihiri alimfundisha hivyo tangu anatambaa: ukijisifu, jicho la watu linakupata. Mtu akikuambia una nguvu unakataa, na yeye anatia mashallah. Ni adabu tu. Alikuwa anasema "mimi dhaifu", halafu anakiinua. Mdomo ulikuwa na kazi yake na mikono ilikuwa na yake, havikuwa vikisikilizana.

Mambo yangebaki hivyo kama asingekuja mzungu.

Alikuja jioni moja na askari wawili. Mmoja wa wale wakubwa wao, ndevu nyekundu, anatabasamu. Akamtazama Toihiri ananyanyua. Akaja akamshika mkono juu ya kiwiko, akaubinya. Akazunguka nyuma, akaubinya tena.

Wakuu, mimi nimenunua mbuzi wengi. Anayemshika mbuzi mara mbili ameshaamua, kilichobaki ni kujifanya bado anafikiria.

Siku iliyofuata akatumwa mtu nyumbani kwa mjomba wake Toihiri, Mjomba Himidi. Kwa wasiojua, Ngazija mtoto ni wa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye kauli. Baba anaweza kukohoa, mjomba ndiye anayesema. Ujumbe ulikuwa: kijana aje kambini, atavaa, atakula, atalipwa.

Mjomba Himidi alifurahi kama amepewa shamba. Kwake ilikuwa heshima.

Toihiri hakutaka. Hakuwa mtu wa siasa, wala hakusema maneno makubwa. Aliniambia tu, "Kaka, nikivaa zile nguo, siku moja wataniambia nimpige mtu wa mtaani kwetu. Nami nina mikono hii."

Basi tukaenda kwa mjomba, mimi ndiye msemaji. Nilipatana na mzee yule kuanzia alasiri mpaka kahawa ikaisha. Nikamwambia Mutsamudu, kule kisiwani Nzwani, wana gati jipya, meli inafika ukutani, na msimamizi wa makuli anatafuta kiongozi wa kundi. Kazi ya kudumu. Nafasi moja imebaki, na anampa atakayenyanyua chuma chake mbele ya watu.

Mjomba akanywa kahawa. "Akinyanyua?"

"Anabaki Mutsamudu, ana kazi, ana jina."

"Asiponyanyua?"

Nikajua amenibana. "Atarudi."

"Akirudi," mzee akasema, "anatoka melini anakwenda kambini. Nyumbani hapiti, hata kubadilisha kanzu."

Nikajaribu kuongeza wiki moja pale. Akakataa. Nikajaribu siku tatu. Akasimama kwenda kuswali. Nikakubali.

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, maana Mutsamudu tuliambiwa chuma chao kina kilo tisini. Toihiri ananyanyua themanini kama anaokota kofia. Kumi za juu ni nini?

Lakini mimi nina ugonjwa. Hesabu ambayo sijairudia mara mbili hainipi usingizi. Nikasema hii themanini yetu nani aliipima? Tukaipakia kwenye rukwama, tukaisukuma mpaka kwa mnunuzi wa karafuu mwenye mizani kubwa ya kusimamisha magunia. Nikapima. Nikashusha, nikapima tena.

Tisini na nne.

Wakuu, mnaielewa furaha yangu? Kijana alikuwa ananyanyua tisini na nne kila siku, tena anapumua puani! Cha Mutsamudu kilikuwa chepesi kuliko chetu. Mchezo umekwisha kabla haujaanza. Nikamgeukia Toihiri kumpongeza.

Alikuwa ameshika mdomo.

"Tisini?" akasema.

"Na nne."

"Kaka, tisini ni ya watu wazima."

Tukairudisha ekseli mahali pake. Jioni ikafika. Toihiri akasema "mimi dhaifu" kama kawaida yake. Akainama, akakishika, akakifikisha magotini.

Akakiacha.

Nikadhani utani. Akajaribu tena, kikafika kifuani, kikaanguka, kuku wakatawanyika. Siku iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Chuma ni kilekile. Saruji haikunywa maji, ekseli haikuzaa. Kilichoongezeka ni neno moja tu, tena neno la kweli, nililolipata kwenye mizani ya mtu mwaminifu.

Mpaka leo nikilikumbuka napata joto kichwani. Mtu unampelekea habari njema, anaipokea kama msiba!

Nikaanza kumtibu.

Tiba ya kwanza ilikuwa hiyo mnayoifundisha humu. Nikamwambia acha "mimi dhaifu", sema "mimi simba".

"Simba?"

"Simba."

Akasimama mbele ya chuma. "Mimi simba," akasema, "inshallah, Mungu akipenda." Kisha akanigeukia, "Kaka, simba anasimamaje?"

Ngazija hakuna simba. Mimi mwenyewe sikuwa nimemwona. Tuna popo wakubwa na komba. Sikumwambia ajiite komba.

Tiba ya pili ilikuwa uongo. Nikatoa kopo moja kila upande, nikajaza mengine mawili kwa siri, nikamwambia sasa imebaki sabini na tano. Akaniangalia, akayapima makopo mojamoja kwa mkono, akasema, "Kaka, hii ni tisini vilevile." Kuli wa bandarini humdanganyi uzito. Ukiuliza kwa nini kuli huyuhuyu hakuijua tisini na nne yake mwenyewe miaka yote ile, nitakwambia nimejiuliza swali hilo mpaka nywele zimeisha. Nadhani hakutaka kujua.

Tiba ya tatu ilikuwa taaluma yangu. Nikamwambia, sikiliza, kila kitu duniani kina muuzaji. Chuma hiki kinakuuzia uzito, kinataja bei ya juu. Wewe kazi yako ni kukiponda. Unakitazama kwa dharau, unakitafutia kutu, unajifanya unaondoka. Bei inashuka.

Nikampeleka sokoni kwa mazoezi. Kazi ndogo kabisa: mkungu wa ndizi, mama muuzaji, auponde mkungu.

Toihiri akachuchumaa mbele ya mama yule. "Mama, ndizi zako nzuri mno, mashallah."

"Ahsante mwanangu."

"Umezitoa mbali?"

"Mbali sana, mwanangu. Na mgongo huu."

Akalipa bei aliyotajiwa bila hata kukohoa. Kisha akambebea mama yule kapu lake la pili hadi barabarani. Mimi nimesimama pale kama mti. Miaka yangu yote ya biashara sikuwahi kudhalilishwa na mteja wa upande wangu mwenyewe.

Siku ya safari ikafika. Tukapanda chombo cha mizigo kwenda Nzwani, Toihiri kakaa juu ya magunia ya mchele, mimi natapika. Sina zaidi ya kusema kuhusu safari hiyo.

Mutsamudu.

Uwanja ulikuwa nyuma ya ghala, karibu na gati jipya. Watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Wanzwani wanapenda mambo haya, na wanapenda zaidi Mngazija akiaibika. Msimamizi wa makuli wakimwita Kapora Ankili, mzee mfupi, tumbo mbele, kofia ya kudarizi, anatafuna tambuu muda wote. Chuma chake kilikuwa ekseli kama yetu, ila mwishoni ina ngoma za magurudumu. Kilo tisini, imeandikwa kwa chaki.

Sheria zake zilikuwa fupi. Majaribio matatu kila mtu. Kikiwa juu, mikono inyooke, kikae mpaka Kapora aseme shusha.

Walikuja wengi. Wengine kiliwashinda kifuani, wengine magotini, mmoja alikiangalia tu akakumbuka ana kazi nyumbani. Wakabaki wawili: Toihiri, na kijana mmoja wa Mirontsy, mji wa jirani, aitwaye Kombo.

Kombo mngempenda humu. Huyo alikuwa self-talk yenye miguu. Tangu amefika anajitangaza: "Kombo huyu! Kombo wa mama yake! Leo chuma kitalia!" Akakitukana kile chuma mambo ambayo moderator hataniruhusu. Akakishika, kikapanda, kikafika juu ya kichwa, uwanja mzima ukapiga kelele.

Lakini viwiko vilikuwa vimepinda. Kikamrudia.

"Haijakaa," Kapora akasema.

"Imekaa, Kapora! Waulize watu!"

"Imekutembelea. Haijakaa."

Akajaribu mara ya pili, viwiko vikapinda zaidi. Mara ya tatu hakufika hata juu, akabaki anakitukana chini. Mnaona? Mdomo wote ule haukunyoosha viwiko.

Zamu ya Toihiri.

Jaribio la kwanza kikafika kifuani, kikaanguka. Wanzwani wakacheka. Jaribio la pili kikaanguka hata kabla ya kifua. Nikainamisha kichwa. Namwona mzungu mwenye ndevu. Namwona Mjomba Himidi amesimama bandarini Moroni na uso wake wa kauli moja. Imebaki mara moja.

Ndipo Kombo, ambaye jasho halijamkauka, akapiga kelele kutoka pembeni: "We Mngazija! Huo si msikiti! Tukuletee na birika la udhu?"

Watu wakavunjika mbavu. Mimi nikatazama chini.

Ndala za Toihiri zilikuwa zimepangwa kando, vizuri kabisa, mbili pamoja. Kofia yake juu ya ndala. Nikakumbuka. Kule Moroni, kabla ya siku ya mizani, alikuwa ananyanyua na ndala miguuni, kofia kichwani, wakati mwingine hajamaliza kutafuna muhogo. Tangu nimwambie tisini na nne, anavua. Nami nilikuwa namwangalia mikono tu siku zote zile!

Nikamvuta pembeni. "Ukikisogelea hiki chuma unasema nini?"

"Mimi dhaifu."

"Hiyo ya watu. Ya moyoni?"

Akaangalia ukuta. Ilibidi nimbinye mkono, kama yule mzungu.

"Nasema kwezi," akanong'ona.

Hapa lazima niwaeleze. Kwezi ni shikamoo yetu. Mdogo anamwambia mkubwa "kwezi", mkubwa anaitika "mbona". Msishangae, kwetu "mbona" ni marahaba. Na Ngazija jambo hili halina mchezo. Mtu ambaye hajafanya ile ndoa kubwa ya kimila, hata awe na mvi, ni kijana. Uwanjani pa mji hakai na watu wazima. Akipita mbele yao anavua ndala, anashusha kofia, anaamkia, anangoja.

Sasa huyu, nilipompa ile namba, alikipandisha cheo chuma. Kikawa mtu mzima. Kila siku anakwenda mbele yake bila viatu, anakiamkia, anangoja kiitike. Chuma hakiitiki. Na wewe niambie, nani kati yetu amewahi kumshika mzee kiunoni akamnyanyua juu ya kichwa mbele ya watu?

"Unakiamkia chuma!" Nilipiga kelele mpaka Kapora akageuka.

"Ni tisini, kaka. Ni mtu mzima."

Hasira ilinipanda nikataka kumpiga na ndala zake mwenyewe. Lakini hasira ikanifanya nifikirie kibiashara. Nilikwishajaribu kumpandisha yeye, hapandi. Nilikwishajaribu kukiponda chuma, hana mdomo huo. Kuikata mila yake siwezi, nami sitaki. Basi tufuate mila hiyohiyo mpaka mwisho, tuone inamdai nani salamu.

Nikamgeukia msimamizi. "Kapora, ekseli hii ya lori gani?"

"Unataka kuinunua?"

"Nataka kuijua."

Akatema tambuu. "Lori la wajenzi wa gati. Lilikuja nao, jipya. Dereva akalitia korongoni."

"Jipya kabisa? Lilikuja na karatasi za mwaka wake?"

"Nimelipakua mwenyewe melini. Hata viti vilikuwa na nailoni. Haujapita mwaka wa tano. Mnauliza ili iweje? Mnanyanyua au mnaposa?"

"Miaka mitano," nikamwambia Toihiri. "Haijatimia. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Wewe una mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

"Tuseme ishirini na mitatu. Toa mitano."

Akahesabu kwa vidole.

"Hebu niambie wewe mwenye adabu. Mtoto hata jando hajaingia, amekaa njiani, umepita mtu mwenye ndevu. Nani anamwamkia nani?"

Wakuu, nilimwona akifikiria. Sikumwona akicheka hata kidogo. Kwangu ilikuwa hila ya mwisho, kwake ilikuwa hoja. Aliitazama ile ekseli kama mtu aliyegundua kwamba mzee aliyemwachia kiti kwenye gari ni mwanafunzi wa darasa la pili.

"Na cha kwetu Moroni?" akauliza.

"Cha kwetu tutakijadili tukirudi! Nyanyua hiki!"

Akaenda. Akavaa ndala, moja, ya pili. Akavaa kofia, akaiweka sawa. Akasogea mpaka mbele ya chuma.

Akasimama.

Hakuinama. Hakusema yeye dhaifu, hakusema yeye simba. Mikono nyuma, kidevu juu kidogo, kama wanavyosimama wakubwa wakimsubiri kijana akumbuke adabu zake. Uwanja ukaanza kunong'ona. Mtoto mmoja ukutani akacheka, akakemewa.

"We, unangoja nini?" Kapora akauliza.

Toihiri alikuwa anakiangalia chuma tu, bila hasira. Akakipa nafasi.

Kisha akaitikia kwa kichwa, polepole, kama aliyesikia kitu, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mbona."

Akainama akakibeba.

Magotini hakikukaa. Kifuani hakikukaa. Mabegani akapumua mara moja, na kikaenda juu, viwiko vikafunga kama komeo. Uwanja ulikuwa bado unajiuliza nani kamwamkia yule Mngazija, wakastuka chuma kiko angani.

Na Kapora Ankili, Mungu amrehemu, mzee wa roho mbaya, akaanza kutafuta chokaa ya tambuu yake mfukoni.

"Kapora, sema!" nikapiga kelele.

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Nione kama itatetemeka."

Akafungua kopo lake la chokaa. Akapaka jani. Akakunja. Toihiri yuko vilevile, kofia haijasogea. Kombo wa Mirontsy ndiye aliyeshindwa kuvumilia, akaruka katikati: "Kapora, mwache ashushe, ameshakinyanyua hata kwa niaba yako!"

"Shusha," Kapora akasema, mdomo umejaa.

Akakishusha taratibu. Kama anayelaza mtoto.

Ndipo watu wakaelewa lile neno, na kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika Mirontsy. Mpaka naondoka Mutsamudu watoto walikuwa wanaviitikia "mbona" vyuma vyote vya bandarini.

Toihiri akabaki. Mimi nikarudi Moroni peke yangu, natapika tena, nikamkuta Mjomba Himidi anangoja bandarini ampeleke kijana kambini. Akaangalia nyuma yangu, hakuna mtu. Uso ukamshuka, maana kambini alikwishajisifu. Lakini alikuwa mtu wa kauli. Akaniuliza tu, "Kilikuwa kizito?" Nikamwambia, "Kilikuwa kidogo, mjomba, ila hakikuwa kinajua." Hakunielewa.

Yule mzungu akachukua vijana wengine wa mtaani. Siwataji. Baadhi walirudi na pesa, baadhi na tabia. Mmoja mama yake alikuwa ananiuliza habari zake kila akiniona sokoni. Nikikumbuka hilo ndipo najua ile ekseli ilikuwa imebeba nini.

Sasa somo, maana najua mnalitaka, na wengine mmeruka mkaja hapa moja kwa moja. Nawaona.

Mnaniudhi mnapofundisha watu kupiga kelele "naweza, naweza". Kombo alipiga kelele. Toihiri miaka yote alisema hana kitu, na alinyanyua. Maneno ya mdomoni yanaweza kuwa adabu tu, au ubishi tu. Kaangalie unavyosimama mbele ya jambo lako. Umevua ndala? Umeshusha kofia? Basi moyoni umeshaliamkia, na ukisema mara elfu kwamba wewe ni mashine halitasogea. Na usiende kuazima simba wa mtu mwingine. Tafuta hoja ambayo wewe mwenyewe, kwa malezi yako, huwezi kuikataa.

Hayo nimemweleza mjukuu wangu yote, jana, kuanzia karafuu mpaka tambuu. Alinisikiliza vizuri, simu ameiweka chini, nikasema leo nimepata mtu.

Nilipomaliza akaniuliza, "Babu, kwani huyo Toihiri alikuwa anatumia protini gani?"

Nimemwambia muhogo. Akaenda kui-google.

Karibuni mchangie wakuu: ni kitu gani ulikuwa unakibeba vizuri mpaka siku ulipoambiwa uzito wake, na ulifanyaje? Matusi napokea, maswali nitajibu kesho nikifunga duka.

Ila anayekuja na habari za protini, aniamkie kwanza.